Kidonge cha miaka mingi: kwa mzazi wa mtoto mwenye ngozi ya magamba

Kung'uta shuka alilolalia mtoto mwenye iktiosi, na sakafu itajaa magamba kama pale palipoparuliwa samaki. Mama yake hufagia mapema, kabla jirani hajabisha hodi, kwa sababu anayajua maswali: Ni ukoma? Kaupata wapi? Nani kamtupia? Kama unaishi Eringeti, Oicha au kijiji chochote cha kando ya barabara ya kwenda Komanda, maswali hayo umeshayasikia. Pengine umeshamzungusha mtoto kutoka kituo cha afya hadi chumba cha maombi, ukarudi na sabuni ya upele. Kisha siku moja daktari wa ngozi, Butembo au ng'ambo ya Kasindi, akakutajia dawa ya kumeza iitwayo asitretini. Kwenye boksi utasoma acitrétine. Mwongozo huu ni wa siku hiyo na wa miaka inayoifuata.

Kabla hujatoa franka ya kwanza, shika neno hili: kidonge hiki hakiponyi, kinashikilia. Mtoto akikimeza, ngozi inalainika. Akikiacha, baada ya wiki au miezi michache magamba yanarudi. Kwa hiyo usimwulize daktari tu kama kitasaidia, maana mara nyingi kinasaidia kweli. Mwulize pia nani atakileta mwezi wa saba, damu itapimwa wapi, na mkilazimika kukimbia itakuwaje. Afadhali mtoto akae na maji na mafuta kwa miezi sita zaidi mkitafuta majibu, kuliko kuanzishiwa dawa ya miaka kwa pesa ya mwezi mmoja.

Hakikisha ugonjwa ni huo

Retinoidi ni dawa za ukoo wa vitamini A zinazotengenezwa maabara. Zinaiamrisha ngozi ipunguze kasi ya kujirundika na iachie magamba yake. Kwa watoto hutumika pale tu ugonjwa unapokuwa mkali: iktiosi nzito ya mwili mzima, psoriasi inayotoa usaha, viganja na nyayo zinazokuwa nene hadi kupasuka na kutoa damu. Iktiosi nyepesi, ile ya miguu kukauka kama udongo wa kiangazi, haihitaji kidonge hata kimoja.

Mkumbuke mtoto alivyozaliwa. Wengi wenye iktiosi kali huzaliwa wamefunikwa ngozi inayong'aa, kama waliofungwa kwenye nailoni, nayo hubanduka wiki za kwanza. Wengine huzaliwa wekundu wenye malengelenge. Ikiwa ngozi ilikuwa safi na magamba yalianza mlipohamia kulala watu kumi chumba kimoja, na usiku wote mnajikuna, tafuta upele kwanza: upo upele wa ukoko mnene unaodanganya hata macho ya mganga. Baka lisilosikia pamba ikiguswa juu yake ni la kuchunguzwa ukoma. Vipele vilivyokuja na homa katika siku chache ni habari nyingine kabisa, hasa baada ya mpox kuenea mashariki mwa Kongo hadi Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Hapo usingoje, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Oicha ina historia ndefu ya ngozi. Tangu miaka ya 1930 daktari mmisionari Carl Becker alifanya kazi pale, na kambi yake ya wagonjwa wa ukoma ilipokea maelfu ya watu. Wazee wanaikumbuka, na nadhani ndiyo maana neno ukoma linatoka upesi midomoni mwetu tukiona ngozi iliyoharibika. Iktiosi haiambukizi. Mtoto huyu alale na ndugu zake, ale nao sahani moja, abebwe mgongoni. Mara nyingi asili yake ni chembe ya urithi ambayo baba anayo moja na mama anayo moja, wote wawili wakiwa na ngozi nzuri bila kujua. Zikikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa hivyo. Mama hakula kitu kibaya. Hakukanyaga kitu. Mwenye kumtuhumu anamwonea, na ningependa akina baba waliseme hilo kwa sauti mbele ya wakwe.

Maji na mafuta ndiyo msingi

Hakuna kidonge kinachofuta kazi ya beseni. Kila siku, mtoto akae kwenye maji ya vuguvugu kama nusu saa; bidoni moja ya lita 20 inatosha mtoto mdogo. Magamba yakishalainika, yasugue taratibu kwa kitambaa laini. Usiyang'oe kwa kucha wala kwa jiwe la kusugulia visigino. Mtoe, mfute kidogo tu, na ngozi ikiwa bado na unyevu mpake vaselini isiyo na manukato au mafuta ya alizeti, kwa ukarimu. Rudia kupaka mchana na jioni.

Kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Nguo na shuka zilizolowa vaselini hushika moto upesi, na huo moto hauzimiki kirahisi. Jikoni kwetu ni mafiga matatu na mtoto anazunguka pembeni. Mtoto aliyepakwa asichochee kuni, asilale karibu na kibatari, na nguo zake zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni mara kwa mara.

Mafuta yenye asidi ya salisiliki, yanayosifiwa kwa kuondoa magamba, yasipakwe mwili mzima wa mtoto mdogo: ngozi yake inayanywa na yanaweza kumtia sumu. Ya urea ni salama zaidi kwa mtoto mkubwa, japo yanawasha penye nyufa. Na yale mafuta ya kujichubua yaliyojaa sokoni, mengi yana steroidi kali. Siku tatu za kwanza utadhani muujiza umetokea. Yaache huko huko sokoni.

Halafu kuna joto. Mtoto wa iktiosi hatoi jasho ipasavyo, kwa hiyo joto la mwili halina pa kutokea. Akicheza mpira saa saba mchana anaweza kuanguka. Mwambie mwalimu amkalishe karibu na dirisha, amruhusu kunywa maji na kulowesha kitambaa cha kichwani. Jua la asubuhi mapema alipate kidogo, kwani watoto wenye ngozi nyeusi na magamba mazito hukosa vitamini D na miguu ikaanza kupinda. Ukiona matege au anachechemea, sema. Kope zikivutwa nje hadi jicho halifungi usiku, anahitaji marhamu ya macho kila siku bila kukosa, na hili haliwezi kungoja safari ya daktari wa ngozi.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Kituo cha afya cha Eringeti hakitakuwa na asitretini, wala usimlaumu muuguzi. Mwombe barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Oicha, kiasi cha kilomita 30 kusini, na kutoka hapo Beni au Butembo. Njia ya Goma imekuwa ngumu tangu mji huo ulipotekwa Januari 2025. Wengi wa kwetu huvuka Kasindi kwenda Uganda, ambako kuna madaktari wa ngozi Mbarara na Mulago. Mbali zaidi, huko Moshi, Tanzania, kipo kituo kilichofunguliwa 1992 katika hospitali ya KCMC kufundisha wataalamu wa ngozi wa Afrika nzima. Daktari wako anaweza kuwa amesomea huko au anamjua aliyesomea huko. Si lazima mtoto asafiri kila mara. Picha nzuri inafika mbele ya daktari kabla ya pikipiki kuwaka: piga kwenye mwanga wa mchana bila mwako wa simu, moja ya mwili mzima na nyingine za karibu, weka rula kando ya ngozi. Na mwombe mtoto ruhusa, hata kama ana miaka mitano. Ni mwili wake.

Vipimo vya kufanyiwa kabla ya kuanza ni hivi: ini (kwenye karatasi utaona SGOT na SGPT), kolesteroli na trigliseridi akiwa hajala tangu usiku, uzito, urefu na macho. Msichana aliyeanza hedhi apimwe mimba. Damu irudiwe kila baada ya wiki chache kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha kila miezi mitatu. Ikiwa hakuna maabara unayoweza kuifikia kwa mwendo huo, mwambie daktari waziwazi. Usikubali kwa aibu.

Dozi ya kuanzia huwa karibu nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, anapata miligramu 10, yaani kapsuli moja ndogo. Wa kilo 10 mara nyingi humezeshwa hiyo hiyo siku moja na kupumzika siku moja, kwa kuwa dawa hukaa mwilini muda. Daktari ndiye atakayeamua. Wewe kazi yako ni kuuliza kila unapokutana naye kama dozi inaweza kushushwa, kwani lengo ni dozi ndogo kabisa inayomwezesha mtoto kulala, kutembea na kushika kalamu. Ngozi laini kama ya dada yake tusiitafute kwa gharama ya mifupa yake.

Namna ya kumeza

Kidonge kimezwe katikati ya chakula chenye mafuta, maana tumbo tupu hukipitisha tu bila faida kubwa. Bugali na sombe iliyoungwa mawese ni chakula chake hasa. Mtoto asiyeweza kumeza mfundishe kwa kitonge kidogo cha bugali kabla hujampa dawa yenyewe. Kapsuli usiipasue kwa uamuzi wako. Daktari akiagiza ipasuliwe, mwanamke mwenye mimba au anayeweza kuwa nayo asiguse kilichomo.

Juma la pili au la tatu ngozi itabanduka kwa wingi kuliko mwanzo. Wengi hukata tamaa hapo. Vumilia: mabadiliko ya kweli yanaanza mwezi wa pili, na ubora wake huonekana kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Midomo itakauka na kupasuka karibu kwa kila mtoto, pua itatoa damu kidogo, nyayo zitakuwa nyororo hadi kukanyaga changarawe kunamuuma. Vaselini midomoni na puani, viatu miguuni. Nywele zinaweza kupungua. Dawa ikiachwa huota tena.

Sasa mambo ya huku kwetu, ambayo maelezo ndani ya boksi hayayajui.

Mara mbili kwa mwaka reko, wahudumu wa afya wa kijiji, wanapita nyumba kwa nyumba na vitamini A, ya buluu kwa watoto wachanga wa miezi 6 hadi 11 na nyekundu kwa wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano. Ni kampeni njema, inaokoa macho na maisha. Lakini mtoto anayemeza retinoidi tayari ana ndugu wa vitamini hiyo mwilini, na viwili vikijumlishwa vinakuwa sumu. Mwonyeshe reko fishi ya mtoto, yaani kadi yake ya afya, arukwe. Watoto wengine wa nyumba hiyo wapewe wote. Akipata surua, ambayo pia hutibiwa kwa vitamini A, usifiche dawa anayomeza: mwambie muuguzi mara moja, dawa isimamishwe, waamue wao. Mawese nayo usiyaogope. Wekundu wake ni malighafi ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji na kisha hukoma. Maini ya ng'ombe ndiyo yasiwe ya kila siku.

Tetrasiklini na doksisiklini, zinazouzwa hata kibandani kwa kila kikohozi, zisiingie kinywani mwa mtoto huyu. Zikikutana na retinoidi zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya kichwa na kuharibu macho. Kichwa kikiuma sana pamoja na kutapika au kuona ukungu, simamisha kidonge siku hiyo hiyo na umpeleke. Najua, hapa kichwa na kutapika ni malaria mpaka ithibitike vingine. Apimwe malaria, ndiyo, lakini kidonge kikae kando wakati mnangoja, na mganga aambiwe kipo. Vivyo hivyo macho yakiwa ya manjano, tumbo likiuma vikali, au mtoto akianza kujigonga kwenye vitu jioni kwa kutoona.

Dawa iwekwe ndani ya karatasi yake ya asili, kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na bati la paa na mbali na jiko.

Akiwa msichana

Sehemu hii nakuomba usome mara mbili. Retinoidi humharibu mtoto aliye tumboni: kichwa, uso, moyo. Mimba isipatikane wakati dawa inamezwa, na kwa asitretini isipatikane kwa miaka 3 baada ya kidonge cha mwisho. Sababu ni hii. Kabla yake kulikuwa na dawa iliyoitwa etretinati, iliyojificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Asitretini ikaletwa kwa kuwa inatoka upesi. Kisha ikagundulika kwamba pombe huigeuza kuwa etretinati tena. Ndiyo maana kwa msichana hata kikombe cha kasiksi cha sherehe ni marufuku, wakati wa dawa na miezi miwili baada ya kuiacha. Lotoko ndiyo kabisa.

Hesabu basi. Binti aliyeanza akiwa na miaka 9 na kuendelea hadi 16 atakuwa huru kwa mimba akiwa na 19. Kwa hiyo anapokaribia hedhi, mwulize daktari kama anaweza kuhamishiwa isotretinoini, dawa ya ukoo huo huo inayotoka mwilini ndani ya mwezi mmoja, au kama anaweza kupumzishwa kabisa. Akibaki kwenye dawa, atahitaji njia ya uhakika ya kuzuia mimba, na vile vidonge vya homoni moja vya dozi ndogo havitoshi. Wazazi wengi huniambia binti yao bado mtoto. Ni kweli, na ndiyo sababu shangazi au mama aongee naye sasa, kwa upole, kabla mambo hayajaongea yenyewe.

Tena tunaishi mahali ambapo msichana anaweza kukamatwa njiani kutoka shamba. Sisemi ili kutisha. Likitokea, afikishwe kituoni ndani ya saa 72 kwa dawa za kinga ya ukimwi, apewe cha kuzuia mimba, ambacho hufanya kazi hadi siku ya tano ingawa mapema ni bora, na atakayempokea aambiwe kuhusu retinoidi. Karatasi inayotaja dawa hiyo iwe kwenye fishi yake, ili asilazimike kueleza wakati hana maneno.

Vidonge visigawiwe. Dada mkubwa anayeona ngozi ya mdogo wake imelainika atatamani kimoja. Na yeyote anayemeza asitretini asitoe damu kwa mgonjwa, hata ndugu yake akihitaji, mpaka miaka 3 ipite tangu aache.

Mkilazimika kuhama

Usiku wa tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti ilishambuliwa, na hata kituo cha afya hakikusalimika. Tangu hapo kila nyumba inajua maana ya kutoka na ulichovaa. Kwenye mfuko unaokaa karibu na mlango weka vidonge vya mwezi mmoja, nakala ya barua ya daktari, vaselini, na fishi. Picha ya boksi na ya barua ziwe kwenye simu mbili tofauti.

Dawa ikiisha njiani, usipatwe na hofu. Kukatika kwake ghafla hakumuui mtoto. Ngozi itarudi polepole ilivyokuwa, na maji na mafuta yatamshikilia. Siku alizokosa usizifidie kwa kumpa viwili viwili. Ugavi ukipatikana, arudi kwa daktari kabla ya kuanza tena. Upo utafiti wa zamani unaonifundisha kuheshimu jambo hili: mwaka 1988 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa watano wa kseroderma, ugonjwa unaofanya jua lizae saratani za ngozi tangu utotoni. Katika miaka miwili kabla ya dawa walikuwa na uvimbe wa saratani 121. Miaka miwili ya isotretinoini ukawa 25. Dawa ilipoachwa kwa sababu ya madhara, uvimbe ulirudi kwa kasi. Iliwashikilia, basi.

Madhara yanayonitia wasiwasi zaidi kwa mtoto wa dozi ya miaka ni ya mifupa: ncha za mifupa kufunga mapema akabaki mfupi, au vijiwe kuota kwenye uti na viungo. Ni nadra kwa dozi ndogo, ila hayaonekani yasipotafutwa. Maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha yapigiwe picha. Na kila miezi sita mpime urefu. Wengi wetu huchora alama kwenye mwimo wa mlango, lakini mlango hauhamishiki. Chukua kamba isiyovutika, msimamishe mtoto ukutani visigino vikigusa, kanyaga ncha moja na upige fundo usawa wa utosi. Miezi sita baadaye piga jingine. Mafundo mawili yakikutana karibu sana, kamba hiyo ndiyo ya kwanza kumwonyesha daktari, kabla hata ya ngozi. Ikunje, uifunge kwenye fishi, uitie katika mfuko wa mlangoni.